Nimetengeneza redio za jeshi miaka 22, uraiani nitaanzia wapi?

Mwalimu,

Mimi ni sajenti wa JWTZ, fundi wa mawasiliano. Nina umri wa miaka 43 na nimetumikia miaka 22. Mwakani mwezi wa tisa navua kombati. Nimepanga na familia yangu hapa Chimwaga. Mke wangu anauza nyanya na mboga soko la Majengo, na mtoto wetu mkubwa yuko kidato cha tatu.

Tangu nikiwa praiveti kazi yangu ni karakana. Redio zikiharibika zinaletwa kwetu. Tunapima, tunafungua, tunabadilisha vipuri, tunajaribu, tunaandika kwenye daftari, zinarudi kazini. Nimesoma kozi tatu hapa nchini na moja ya miezi tisa huko China. Kidato cha nne nilipata D ya Fizikia, Hisabati sikufaulu.

Miezi minne iliyopita niliomba kazi kwenye kampuni moja hapa mjini. Aliyenihoji alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Akaniuliza, "Una cheti cha ngazi gani?" Nikampa vyeti vyangu vya jeshi. Akavigeuza mbele na nyuma, akauliza nimetengeneza mitambo gani. Nikamwambia siruhusiwi kusema. Akatabasamu, akafunga faili, akasema watanipigia. Hawajapiga mpaka leo.

Kaka yangu ananishauri kiinua mgongo ninunue Noah niiweke njia ya Kibaigwa. Rafiki yangu anataka tufungue kibanda cha kutengeneza simu karibu na UDOM, anasema wanafunzi ni wengi. Mke wangu amesema nisitoe hata shilingi mpaka nikuandikie. Mwalimu, ufundi wa jeshi una thamani uraiani, au nimepoteza miaka 22? Kama una thamani, nianzie wapi?

Sajenti, Chimwaga, Dodoma

* * *

Afande, mke aliyekuzuia kutoa fedha mpaka usikie neno la mtu wa pili ni hazina, na nitamrudia huko mbele.

Naanza na lile swali la miaka 22 kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Hukuipoteza. Mtu anayepewa redio iliyozimika, bila kuambiwa imezimikaje, akaipima hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye kijenzi kimoja kilichoungua, kidogo kama punje ya uwele, mtu huyo ana ujuzi adimu. Nimefundisha elektroniki kwa miaka 26. Wengi wa wanafunzi wangu wanaijua nadharia ya transista vizuri kabisa, lakini ukiwawekea mezani mashine mbovu wanaanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha: hiki, kile, labda kingine. Wewe umelelewa mahali ambapo kubahatisha hakukubaliki, kwa sababu redio isiyosikika inaweza kumgharimu askari mwenzako maisha. Kilichokuangusha kwenye ule usaili ni kwamba ulizungumza Kijeshi na yule kijana anasikia Kiraia tu.

Hebu nikusimulie siku moja, utaelewa ninakotaka kukupeleka.

Miaka michache iliyopita niliitwa na mganga mfawidhi wa hospitali moja ya kanda hii, mtu ninayemfahamu, nikatazame mashine zake za oksijeni. Zilikuwa nne, zimepangwa stoo nyuma ya vitanda vilivyovunjika, kila moja imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MBOVU. Nilikwenda na wanafunzi wawili. Mashine ile ukiijua ni kitu cha kawaida kabisa. Kompresa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwenye mitungi miwili yenye chembechembe za zeolaiti, zeolaiti inanasa naitrojeni, na kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Kuna bodi ndogo inayoamuru vali ibadilishe kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine. Basi.

Mashine ya kwanza haikuwa mbovu. Chujio lake lilikuwa limezibwa na vumbi letu jekundu la Dodoma mpaka limekuwa kama tofali. Mwanafunzi wangu alilifua kwa sabuni, akalianika nusu saa kwenye jua la saa sita, tukawasha: asilimia 93. Ya pili fyuzi ilikuwa imekatika, na nyuma ya fyuzi kuna kijenzi cha kuzuia umeme mkubwa kilichopasuka. Umeme ulipanda siku fulani, kijenzi kikajitoa mhanga ili bodi ipone. Ya tatu kapasita mbili za pawa saplai zilikuwa zimevimba vichwa. Wewe Afande ungeziona kabla hujaishika bisibisi, maana kapasita za redio nazo huvimba vivyo hivyo. Ya nne zeolaiti yake ilikuwa imeingia unyevu na kufa, tukaiacha iwe ghala la vipuri. Kazi nzima ilichukua tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Tulipokuwa tunafunga, sista wa wodi ya watoto akaja na mashine nyingine mikononi, akasema, "Na hii, jamani?"

Zile tatu zilizopona sikuziruhusu zirudi wodini siku ile. Hapa ndipo kilipo kitu ambacho karakana ya redio haikukufundisha. Kwa kifaa kinachogusa mwili wa mgonjwa, haitoshi kuwaka na kufanya kazi. Lazima kipimwe umeme unaovuja kwenda mwilini. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mguso wa kasha la mashine uvujishe maikroampia 100 hali ikiwa ya kawaida, na kwa vifaa vinavyofika kwenye moyo wenyewe kikomo ni maikroampia 10, yaani sehemu kumi za milioni ya ampia moja. Mita yako ya kawaida haioni kiasi hicho sawasawa. Kuna kifaa maalumu cha kupimia, na sikuwa nacho. Tulisubiri siku tisa mpaka fundi sanifu wa vifaa tiba alipokuja nacho, akapima, akabandika stika, akaandika daftari. Ndipo zikarudi kwa watoto.

Nimesimulia yote haya kwa sababu, ukiniuliza mimi, njia yako ni vifaa tiba.

Nakushauri hivyo nikijua uliko. Ukitoka kwako Chimwaga, ukaupita ule ukumbi ambamo CCM ilimteua Mkapa kuwa mgombea urais mwaka 1995 na Kikwete mwaka 2005 kabla haujawa mali ya chuo kikuu, huna safari ndefu kufika Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015. Leo hospitali hiyo inapandikiza figo, na nyuma ya kila figo kuna safu ya mashine zinazohitaji mtu wa kuzitunza. Mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa tunayoiita General. Miyuji kuna St. Gemma. Ntyuka kuna Dodoma Christian Medical Centre. Kusini kuna Mvumi ya Waanglikana, na ukienda magharibi kwa njia ya reli utafika Itigi kwenye St. Gaspar. Kote huko vumbi ni lile lile, umeme unapanda na kushuka vile vile, na mashine zimetoka Ujerumani, China, Marekani na India, kila moja na kitabu chake cha maelekezo. Fundi anayeweza kusoma mchoro wa saketi na kufuata utaratibu hapo hakosi la kufanya.

Lakini nisikupe matumaini ya bure. Kuna mlango mmoja ambao unajifunga siku ile ile utakayovua kombati, na watu wengi hawaambiwi. Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira mpaka chini kabisa kwenye masharti ya jumla. Utakuta waombaji wawe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walioko kazini serikalini. Utakuta pia kwamba aliyestaafishwa katika utumishi wa umma, kwa sababu yoyote ile, haruhusiwi kuomba bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kwa hiyo usijenge mpango wako juu ya ajira ya serikali baada ya mwezi wa tisa. Kama unaitaka, uliza sasa, ukiwa bado kazini, na barua yako ipite kwa mwajiri wako kama masharti yanavyotaka. Ukikosa, milango iliyobaki wazi ni hospitali za mashirika ya dini, hospitali binafsi, na kampuni zinazouza na kuzihudumia mashine hizo. Mimi binafsi ningeanzia hospitali ya misheni. Mishahara yao si ya kutisha, lakini fundi hapo anagusa kila kitu, kuanzia mizani ya watoto wachanga hadi jokofu la chanjo, na ndani ya miaka miwili anakuwa mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye usaili ule. Uliposema "siruhusiwi kusema" ulikuwa sahihi kwa nusu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haichezewi, na kiapo chako hakiishi kwa kuvua sare. Aina ya mtambo, idadi yake, masafa yake, uko kikosi gani, unafika umbali gani: hayo ufe nayo. Lakini ufundi wenyewe si siri ya nchi. Kanuni ya Ohm haina mhuri wa SIRI. Wasifu wako unaweza kusema hivi, kwa idadi zako za kweli: "Nimefanya matengenezo ya vifaa vya mawasiliano ya redio kwa miaka 22, kuanzia ukaguzi wa kila mwezi hadi kutafuta hitilafu kwenye bodi." Chini yake: "Natumia osiloskopu na vifaa vya kupimia mawimbi, nalehemu vijenzi vidogo kwa mkono, nasoma michoro ya saketi ya Kiingereza." Kisha: "Nimesimamia mafundi kadhaa na kutunza daftari la vipuri." Hakuna jina la mtambo hata moja, na mwajiri amekuona mzima mzima. Ukimaliza kuuandika, mpelekee mkuu wako wa kikosi ausome kabla haujatoka nje ya geti. Akikufutia sentensi, iache ifutike.

Lile daftari la matengenezo ulilolitaja kwa maneno mawili tu, kana kwamba si kitu, kwenye wasifu liweke juu. Hospitali nyingi zinalia kwa sababu hakuna anayejua mashine ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na nani, na alibadilisha nini. Mtu aliyezoea kwamba kazi haijaisha mpaka imeandikwa ana thamani kuliko mtu mwenye mikono myepesi asiyeandika. Nimewaona wote wawili, najua nisemalo.

Vyeti. Vyeti vyako vya jeshi ni vya kweli, ila mwajiri wa kiraia hajui aviweke kwenye rafu ipi. Rafu za nchi hii ni mbili. Ya kwanza ni ya VETA, yenye madaraja ya ufundi stadi, NVA la kwanza, la pili na la tatu. Ya pili ni ngazi za NACTVET, zinazoanzia ya nne, ambayo ni astashahada ya awali, mpaka ya sita ambayo ni stashahada, na kuendelea juu. Nenda VETA hapa Dodoma uulize utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, wenyewe wanauita RPL. Utaratibu huo uliwekwa kwa watu ambao mikono yao inajua kazi kuliko karatasi zao. Mtathmini anakuja kukutazama ukifanya kazi, anakuuliza maswali, anaona mapengo yako, unafundishwa yale uliyopungukiwa, unapimwa, unapewa cheti. Usiende kwa kiburi cha miaka 22 wala kwa unyonge wa F ya Hisabati. Nenda na bisibisi zako.

F hiyo isikutishe sana, ingawa nayo siipuuzi. NVA daraja la tatu linaweza kukufungulia vyuo vya NACTVET hata kama kidato cha nne hakikukupa vya kutosha, kila chuo kwa masharti yake. Ukifika huko, stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba inafundishwa DIT Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha. Ni miaka kadhaa ya shule, na utakaa darasani na watoto wa umri wa mwanao. Hesabu utakayokutana nayo ni ya vipeo, sehemu na milinganyo, ile ile unayoitumia karakanani bila kuiita kwa jina. Mtafute kijana wa UDOM anayesomea uhandisi wa mawasiliano, mlipe kidogo, akufundishe jioni mara tatu kwa wiki. Wewe mfundishe kulehemu. Mtafaidiana.

Kuhusu cheti cha China: usikiache kwenye sanduku la bati kwa sababu kimeandikwa kwa herufi zisizosomeka. Kitafutie tafsiri iliyothibitishwa, kisha uwaulize NACTVET namna ya kutambuliwa kwa tuzo za nje. Miezi tisa ya karakana ya kigeni si kitu cha kufichwa.

Na kama bado moyo unakwambia kwamba mtu wa kidato cha nne hafiki mbali, mkumbuke Percy Spencer. Alizaliwa Maine, Marekani, mwaka 1894, akawa yatima, akaacha shule akiwa na miaka 12. Mwaka 1912 alijiunga na jeshi la majini la nchi yake, na huko ndiko alikojifunza redio, kwa kusoma vitabu usiku akiwa zamu. Alipotoka aliingia kiwandani na kuwa bingwa wa mirija ya rada. Mwaka 1945, akiwa amesimama karibu na mtambo wa rada, peremende ya chokoleti ikayeyuka mfukoni mwake. Wengine wangesafisha suruali. Yeye alijiuliza kwa nini, na kutokana na swali hilo tukapata oveni ya maikrowevu. Jicho la namna hiyo linalelewa na kazi, na wewe unalo.

Usidhani vifaa tiba ndiyo njia pekee. Ukisikia moyo umelalia redio zaidi, mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na mnara ukishasimama unahitaji fundi wa betri, wa jenereta na wa antena. Treni ya umeme imekuwa ikifika Dodoma tangu mwaka 2024, ina ishara za kielektroniki na mawasiliano ya redio njia nzima. Zuzu kuna kituo kikubwa cha kupozea umeme chenye vifaa vya ulinzi na upimaji. Viwanja vya ndege navyo, kwani rada za kiraia sasa zipo nne, Dar es Salaam, KIA, Mwanza na Songwe, na hapa kwetu kuna mradi wa uwanja wa Msalato. Ninasikitika kwamba neno rada kwa Watanzania wengi linakumbusha tu "chenji ya rada", zile paundi milioni 29.5 zilizorudishwa na kampuni ya BAE baada ya kashfa ya ununuzi wa mtambo wa rada. Watu waliokesha kuitunza mitambo ya namna ile hakuna aliyewaimba. Njia zote hizi ni halali. Nimekuchagulia hospitali kwa sababu moja tu: ziko nyingi, zimetawanyika mpaka vijijini, na upungufu wake nimeuona kwa macho yangu.

Neno la tahadhari hapa. Mashine ya eksrei usiiguse mpaka umefundishwa na umeruhusiwa. Ndani yake kuna umeme wa maelfu ya volti unaobaki hata baada ya kuchomoa plagi, na kuna mionzi, ambayo inasimamiwa kwa sheria na Tume ya Nguvu za Atomu. Askari hodari ana tabia ya kusema "tayari, afande" kabla hajauliza. Hapo tabia hiyo iache nje ya mlango.

Sasa fedha. Noah, hapana. Hujaendesha biashara ya abiria, huijui, na gari la abiria linamtaka mwenyewe alale nalo na aamke nalo. Namfahamu mstaafu mmoja aliyekuwa fundi mzuri kuliko mimi; kiinua mgongo chake kilikwisha kwa matairi, faini na dereva, na leo gari limesimama kwenye mawe uani kwake. Kila nikipita naumia.

Kibanda cha simu nacho sikushauri, ingawa rafiki yako hajakosea kwamba wanafunzi ni wengi. Tatizo ni kwamba vibanda navyo ni vingi, kazi kubwa imekuwa kubadilisha vioo, bei inapangwa na kijana anayelala hapo hapo kibandani, na ule ujuzi wako wa kufuatilia hitilafu hauna wa kuulipia. Ikiwa lazima ujiajiri, jiajiri juu zaidi: UPS, inveta, mifumo ya sola, vifaa vya maabara za shule na vyuo. Mtumba kuna ofisi za wizara zilizojaa UPS, na UPS ikifa mara nyingi ni betri au bodi ya kuchaji. Lakini hapo utahitaji jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya jiji, leseni ya TCRA ukigusa vifaa vya mawasiliano, ya EWURA ukifunga umeme, na kujisajili kwenye mfumo wa NeST ukitaka zabuni za serikali. Usianze na mlima huo mwaka wa kwanza. Kiinua mgongo kigawe: ada yako ya shule, ada ya mtoto, mtaji wa mama wa soko la Majengo ambaye biashara yake tayari inazunguka, na kingine kikae benki mpaka akili itulie. Mgawanyo huo ufanyeni wawili, mezani, kwa kalamu. Ndiyo maana nilisema nitamrudia.

Jambo ambalo hukuniuliza ni watu. Jeshini redio inaletwa na fomu, unajua aliyeileta ni wa cheo gani. Wodini atakuja muuguzi amechoka, atasema "hii mashine haifanyi," halafu ageuke kwenda. Usimkaripie. Muulize taratibu: ilikuwa inalia? Iliwaka taa gani? Nani aliisogeza? Kati ya mashine zile nne nilizokusimulia, moja haikuwa na hitilafu yoyote isipokuwa vumbi, na mtu wa kulifua chujio lile kila wiki angekuwa muuguzi, kama kuna aliyemfundisha. Fundi bora wa hospitali ni nusu mwalimu. Na mkuu wako wa idara anaweza kuwa binti wa miaka 27 mwenye shahada. Mwite daktari, mwite mhandisi, mwite kwa cheo chake, kama ulivyowaita maluteni vijana waliotoka Monduli jana. Hilo unaliweza kuliko raia wengi.

Ujerumani askari wa mkataba ana ofisi maalumu, BFD, inayompatia muda na fedha za kusomea kazi ya kiraia. Lakini wewe mwaka uliobaki utaupanga mwenyewe. Mwezi huu toa vyeti vyote, cha China pamoja, upige nakala na uanze tafsiri. Mwezi ujao fika VETA. Omba likizo yako ya mwaka mapema, ukaitumie kwa wiki mbili au tatu ukijitolea kwenye karakana ya hospitali ya misheni, kwa ruhusa ya wakuu wako, ukimshikia tochi fundi aliyepo na kutazama. Usidai malipo siku hizo. Mwisho wa wiki ya pili utajua kama kazi hii unaipenda, nao watajua kama wanakutaka. Kisha uniandikie walichokuambia.

Na kwenu waganga wafawidhi na makatibu wa afya wa Dodoma, Singida na Manyara mnaosoma ukurasa huu: mnazo mashine stoo zenye karatasi ya MBOVU. Kabla hamjaandika barua ya kuomba mpya, pigieni simu gazeti hili muulize namba ya sajenti wa Chimwaga. Akiridhia, tutawapa.